Usicheke swali la mbu na harufu ya miguu

Mwanamume mmoja aliingia katika chumba changu cha matibabu, akafunga mlango, kisha akakaa kimya. Nilidhani ana ugonjwa ule ambao wanaume huona haya kuutaja. Kumbe alikuwa na swali tu: "Daktari, mbona mbu hunikimbilia miguuni? Ni kwa sababu inanuka?" Alikuwa amewauliza wenzake kwenye foleni, nao wakamcheka.

Ndugu msomaji, swali kama hilo limewahi kushinda tuzo.

Tangu mwaka wa 1991 kumekuwa na tuzo za kila mwaka ziitwazo Ig Nobel, zilizoanzishwa na Marc Abrahams wa Marekani. Jina lenyewe ni mzaha juu ya tuzo maarufu za Nobel. Hupewa watu waliofanya jambo linalomfanya mtu acheke kwanza, halafu afikiri.

Waheshimiwa wabunge nao hawakusahauliwa. Mwaka wa 1995 tuzo ya amani ilikwenda kwa Bunge la Taiwan, kwa kuonyesha kwamba wanasiasa hufaidika zaidi wakipigana wao kwa wao ngumi na mateke kuliko wakipigana vita na nchi nyingine. Mimi kama daktari sina pingamizi. Jino lililong'olewa bungeni hutibiwa na daktari mmoja wa meno, lakini vita hujaza hospitali nzima.

Mwaka wa 2021 tuzo ya uchumi ilimwendea Pavlo Blavatskyy. Alichunguza picha za nyuso za mawaziri wa nchi 15 zilizokuwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti, akakadiria unene wao kwa kompyuta. Aligundua kwamba penye mawaziri wanene zaidi, ufisadi pia ulielekea kuwa mwingi. Tafadhali, usikimbilie kupima kiuno cha mbunge wako! Mambo mawili kuandamana si ithibati kwamba moja limeleta jingine, na mwizi mwembamba yupo. Kitambi si hati ya mashtaka. Ila kinakaribisha kisukari na shinikizo la damu, na hakibagui aliyechaguliwa na aliyemchagua.

Tuzo ya mwaka wa 2020 ndiyo iliyonikata kicheko. Viongozi tisa wa nchi mbalimbali walipewa tuzo ya elimu ya udaktari, kwa kutumia janga la Korona kuufunza ulimwengu kwamba wanasiasa waweza kugusa uhai na kifo kwa haraka kuliko wanasayansi na madaktari. Ni mzaha, lakini ni kweli. Mimi humtibu mgonjwa mmoja mmoja. Mbunge akiinua mkono kupitisha au kupunguza bajeti ya afya, hugusa maelfu kwa siku moja.

Sasa turudi kwa mbu. Mwaka wa 2006 Bart Knols na Ruurd de Jong wa Uholanzi walipata tuzo ya biolojia kwa kuonyesha kwamba mbu jike wa malaria, Anopheles gambiae, huvutiwa sawasawa na harufu ya miguu ya binadamu na ile ya jibini ya Limburger, ambayo uvundo wake ni mkali. Bakteria wanaoivisha jibini hiyo ni jamaa wa karibu wa wale wanaoishi kwenye ngozi yetu.

Hebu fikiria mheshimiwa akisimama kuuliza kwa nini pesa za umma zitumike kuwanusisha mbu jibini. Bunge zima lingeangua kicheko. Lakini kujua mbu anafuata harufu gani ni kujua namna ya kumtega. Katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, watafiti wakiwemo wa kituo cha wadudu cha icipe waliweka majumbani mitego ya umeme wa jua yenye harufu iliyoundwa kuiga ya binadamu. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2016. Miongoni mwa watu waliopimwa, kiwango cha malaria kilikuwa chini kwa karibu asilimia 30 palipokuwa na mitego kuliko pale ambapo haikuwa imewekwa. Na neti hazikuachwa. Mitego iliongezewa juu yake.

Nilimjibu mgonjwa wangu kwamba ndiyo, harufu ya miguu humvuta mbu, lakini kuiosha pekee hakuzuii malaria. Nikamwuliza kama wanalala ndani ya neti. Aliinamisha kichwa. Neti ilikuwa imefunika vifaranga, na mtoto wake alikuwa amelazwa mara mbili kwa malaria mwaka ule. Hilo ndilo lililokuwa nyuma ya swali lake la kuchekesha.

Kwa hivyo, msomaji, leta swali lako kwa daktari hata kama foleni nzima itacheka. Lala ndani ya neti yenye dawa, wewe na watoto. Ukiwa na homa, kapimwe mapema. Na mheshimiwa akija kuomba kura, mwulize aliinua mkono upande gani siku ya bajeti ya afya. Akicheka, mpe nafasi acheke. Kisha mwambie afikiri.