Slipu Tatu Mezani

Harusini Arusha tulikaa meza moja watu watatu wa ukoo mmoja: mimi ninayekatwa na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Tanzania, binamu yangu wa Nairobi na shemeji yetu wa Kampala. Pilau ilichelewa, maongezi yakaangukia makato. "Shemeji," akaniambia yule wa Kampala, "wewe unakatwa asilimia 10, mimi 5. Nani mjanja hapa?"

Swali lake lina mtego. Uganda mfanyakazi hutoa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri 10, jumla 15. Tanzania, kwa sekta binafsi, jumla ni 20, na kwa kawaida kila upande hubeba nusu. Kenya ni asilimia 6 kwa 6, lakini ina dari: kwa mwaka ulioanza Februari 2025 makato yaliishia kwenye mshahara wa shilingi 72,000, kwa hiyo mfanyakazi hakukatwa zaidi ya 4,320 hata kama alilipwa 200,000. Kwa huyo wa 200,000, asilimia 6 ya kwenye karatasi ilikuwa kama 2 tu mfukoni. Binamu anakumbuka enzi za makato ya shilingi 200 kwa mwezi, na bado analalamika.

Ukiangalia kinachoingia tu, Mtanzania ndiye anayeumia. Mimi naona pa kuangalia ni mlango wa kutokea.

Uganda mlango ni mpana. Ukifika miaka 55 unachukua chote kwa mkupuo, michango pamoja na riba. Kwa mwaka wa fedha 2023/24 mfuko ulitangaza riba ya asilimia 11.5. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, mwenye miaka 45 aliyechangia miaka 10 anaweza kuchota asilimia 20 mapema. Shemeji anaupenda mpango huo. Mimi nimeona mikupuo ikigeuka gari, gari likageuka chuma chakavu, mwenyewe akarudi kuomba nauli kwa watoto.

Tanzania hulipa pensheni ya kila mwezi hadi kufa, na hapo ndipo kikokotoo kinapoingia. Unachukua idadi ya miezi uliyochangia, unagawa kwa 580, kisha unazidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka yako mitatu bora. Tuseme umechangia miaka 30, na wastani wako ni milioni moja kwa mwezi. Pensheni kamili inakuja takriban milioni 7.45 kwa mwaka. Kwa kiwango cha mkupuo cha asilimia 35 kilichotangazwa mwaka 2024, asilimia hiyo ya pensheni huzidishwa kwa 12.5, na unaondoka na kama milioni 32.6, kinachobaki ni kama 403,000 kila mwezi. Kama mshahara ungekuwa milioni hiyo hiyo muda wote, michango bila riba ingekuwa milioni 72. Ukistaafu na miaka 60, unakuwa umerudishiwa yote ukiwa na miaka 68 hivi. Kuanzia hapo mfuko unakulisha wewe. Ukiweka hesabu ya riba, siku hiyo inasogea mbele sana. Kikokotoo hiki ndicho kilichozua hasira mwaka 2018, pale kanuni mpya zilipopunguza mkupuo, hadi Rais Magufuli akazisitisha Desemba ile.

Kwa hukumu yangu: anayejua ataishi kwa mshahara hadi uzeeni, pensheni ya Tanzania inamlinda kuliko mkupuo. Mwenye shamba au duka linalosimama tayari, Kampala inamfaa.

Lakini yupo mtu ambaye hakuna mfumo unaomfaa kati ya hii mitatu: anayevuka mpaka. Tanzania inadai miezi 180 ya michango ndipo ulipwe pensheni. Ukifanya kazi Arusha miaka 10, Nairobi 8 na Kampala 7, una miaka 25 ya jasho, ila kwa Tanzania una miezi 120 tu, na pensheni ya mwezi huipati. Mjerumani aliyefanya kazi Ufaransa na Hispania hujumlishiwa miaka yake yote, kwa kanuni ya Umoja wa Ulaya. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, iliagiza Baraza la Mawaziri litunge kanuni za mafao ya wafanyakazi wanaohama. Mifuko hukutana na kujadiliana, lakini miezi yangu ya Arusha bado haivuki mpaka wa Namanga.

Kwa hiyo, kabla hujasaini mkataba wa nchi jirani, chukua taarifa ya michango yako uhesabu miezi. Kama umefika 150 au 160, muulize ofisa wa mfuko, kwa maandishi, kama unaweza kuendelea kuchangia kwa hiari hadi 180 itimie.