Eti Maskini Halipi Ushuru?

Kila Juni bajeti ya Kenya inaposomwa, maneno ni yale yale, kwenye matatu, kwa kinyozi, redioni asubuhi. Mengine husemwa na wakubwa, mengine tunayarudia wenyewe bila kuyapima. Tuyapime.

“Mwenye kipato kidogo halipi ushuru. Matajiri ndio wanaobeba nchi.”

Uongo. Watu hudhani ushuru ni ule tu unaokatwa kwenye mshahara. Mama mboga hana hati ya mshahara, lakini akinunua sabuni, mafuta ya kupikia au sukari, ndani ya bei mna VAT ya asilimia 16. Unga wa mahindi na mkate wa kawaida havitozwi, ni kweli, ila sijaona nyumba inayoishi kwa unga mkavu. Na kwa kuwa pesa zake zote huishia dukani, ushuru huo unagusa sehemu kubwa ya alichochuma. Tajiri hutumia sehemu tu ya kipato chake. Kinachobaki hununulia ploti.

Kisa cha mafuta ya taa hunikera kuliko vyote. Mwaka 2018 serikali ilitaka kukomesha wafanyabiashara waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Dawa yake ikawa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Wachanganyaji walikuwa wauzaji wa mafuta; aliyelipishwa ni mwenye stovu kule Mathare.

“Sheria humtoza kila mtu kulingana na uwezo wake.”

Kwenye mshahara, nusu kweli. Kwa viwango vya PAYE vilivyoanza Julai 2023, wanaopata zaidi ya 800,000 kwa mwezi hukatwa asilimia 35 ya ziada hiyo. Lakini shuka chini uone: asilimia 30 huanza kukata mshahara ukivuka 32,333, na ni hiyo hiyo inayomfuata mtu hadi 500,000. Karani na mkurugenzi wako kwenye ngazi moja.

Nje ya mshahara, uongo mtupu. Anayeuza ardhi kwa faida hutozwa asilimia 15 ya faida hiyo. Mkazi anayepokea mgao wa faida kutoka kwenye hisa zake hukatwa asilimia 5. Watetezi watasema kampuni ilishalipa ushuru wake kabla ya kugawa, na hapo wana hoja. Basi tuwaulize kuhusu kodi za nyumba. Sheria ya Fedha ya 2023 ndiyo iliyopandisha VAT ya petroli na dizeli kutoka asilimia 8 hadi 16. Ndiyo iliyopandisha ushuru wa ada za kutuma pesa kwa simu kutoka asilimia 12 hadi 15. Na ndani ya sheria hiyo hiyo, ushuru wa mapato ya kodi za nyumba za kuishi ulishushwa kutoka asilimia 10 hadi 7.5, kwa wenye nyumba wanaokusanya hadi milioni 15 kwa mwaka. Mpangaji alipandishiwa nauli, mwenye nyumba akapunguziwa. Hilo halikuzungumzwa sana kwenye matatu.

“Ukimtoza tajiri, atahama na mali yake.”

Chumvi imezidi. Utajiri mkubwa wa Kenya uko kwenye ardhi na majengo, na shamba la ekari elfu halipandi ndege. Isitoshe, tumeshawabembeleza vya kutosha. Ushuru wa urithi ulifutwa mwaka 1982. Ushuru wa faida ya mtaji ulisimamishwa mwaka 1985 na haukurudi hadi 2015, tena kwa asilimia 5 tu. Kwa karibu miaka 30, viwanja vya Nairobi vilipanda bei na waliouza hawakudaiwa senti kwenye faida hiyo. Je, pesa zilikaa nyumbani kwa shukrani? Nyaraka za Pandora zilipofichuliwa Oktoba 2021, kampuni za ng’ambo zilizohusishwa na familia ya rais aliyekuwa madarakani zilitajwa humo. Kumiliki kampuni ng’ambo si kosa kisheria. Ila kunaonyesha kwamba upole wa ushuru haukuizuia mali kusafiri.

“Maskini ni wavivu.”

Uongo. Nenda soko la Marikiti saa kumi alfajiri, kisha urudi tuzungumze.

“Uchumi ukikua, kila mtu atafikiwa.”

Hili lilijaribiwa. Waraka wa serikali Namba 10 wa 1965 ulisema pesa za maendeleo ziende kwanza palipo na ardhi nzuri na mvua, kisha matunda yasambae. Ajabu ni kwamba waraka wenyewe uliitwa wa ujamaa wa Kiafrika. Kaskazini ilingoja kusambaziwa hadi Katiba ya 2010 ikalazimika kuunda mfuko maalumu wa kupeleka maji, barabara, afya na umeme kwa maeneo yaliyoachwa nyuma. Miaka 45 ni muda mrefu wa kungoja makombo.

“Hata matajiri wakilipa zaidi, pesa zitaibwa tu.”

Hapa sibishi na hofu yenyewe; wizi upo na tunaujua. Nabishana na matumizi yake. Pesa za VAT nazo huingia hazina ile ile, kwa nini hoja ya wizi huletwa tu zamu ya mwenye nacho inapofika? Mwaka 2024, Mswada wa Fedha ulipotaka kutoza mkate VAT ya asilimia 16, vijana waliingia barabarani, na tarehe 25 Juni wakaingia bungeni. Wengine waliuawa siku hiyo. Kesho yake rais akatangaza kwamba hatautia saini.

Mswada mwingine ukija, msiishie kwenye ukurasa wa mkate. Fungueni na ule wa kodi za nyumba, wa ardhi na wa hisa, mwone nani amepunguziwa.