Presha haina chama: uzi kuhusu moyo, dispensari na bajeti ya kaunti

1/ Kila msimu wa siasa huku Nyeri mdahalo wa afya huwa uleule: nani atajenga hospitali kubwa, nani ataleta mashine. Leo tuongelee ugonjwa wa moyo, maana hapo ndipo mdahalo huo hupotea njia. Nasoma sayansi ya siasa, mimi si daktari. Mambo ya dozi muulize daktari wako. Mimi nitakuonyesha nani anashika nini. Twende.

2/ Kwanza mwili. Damu ikisukumwa kwa nguvu kupita kiasi miaka nenda miaka rudi, kuta za mishipa huumia na kuwa ngumu. Mafuta hujishika palipoumia. Siku moja hapo panapasuka, damu inaganda, mshipa unaziba. Ukiziba kwenye moyo, huo ni mshtuko wa moyo. Ukiziba kwenye ubongo, ni kiharusi.

3/ Vinavyoongeza hatari viko mafungu mawili. Usivyoweza kubadilisha: umri, na kama mzazi au ndugu yako aliugua moyo mapema. Vinavyobadilika: presha, sukari, kolesteroli, sigara, pombe nyingi, chumvi, unene, kukaa bila kutembea. Siasa iko kwenye hilo fungu la pili.

4/ Presha ndiyo kinara. Utafiti wa kitaifa wa STEPwise wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 4 Kenya ana presha ya juu. Na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Soma hiyo tena.

5/ Kambi ya kwanza husema: "Ni maisha yako, jitunze." Wana pointi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyo ndani ya mkate na soseji. Githeri, ngwaci, nduma na terere za shosho hazina shida. Shida ni kile kilima cha chumvi tunachowekewa kando ya nyama choma.

6/ Kambi ya pili husema: "Watu hula wanachoweza kununua." Pia wana pointi. Mama aliyetoka kwake alfajiri kwenda soko la Karatina atakula kilicho karibu na cha bei nafuu, na mara nyingi hicho ni chips au mandazi. Halafu kodi ya sigara na sheria ya 2007 inayokataza kuvuta mahali pa umma zilipitishwa na bunge. Hayo "maisha yako" yamezungukwa na sheria.

7/ Lakini kambi zote mbili humruka mtu ambaye tayari ana presha. Hata akipunguza chumvi, mara nyingi bado atahitaji kidonge kila siku. Na presha haiumi, ndiyo ubaya wake. Shosho yangu analima chai upande wa Othaya. Kuna miezi alikuwa anameza dawa siku za kichwa kugonga tu. Watu wakasema ni ukaidi. Kumbe dispensari haikuwa na dawa, kemisti ni pesa, kwa hivyo alikuwa anazinyoosha zifike mwezi ujao.

8/ Sasa, nani anashika nini? Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inakupa haki ya afya. Jedwali la Nne linagawa kazi. Kaunti: hospitali za kaunti, dispensari, famasia zake, afya ya msingi, hata leseni za wauza chakula. Serikali ya kitaifa: sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa. Kwa hivyo dawa ikikosekana dispensari, swali la kwanza ni la gavana na MCA wako. Mbunge hashiki stoo ya dawa.

9/ Kaunti itakujibu kwamba mgao umechelewa kutoka Nairobi. Mara nyingine ni kweli. Lakini hilo halimalizi swali: pesa zilipofika, dawa za kila siku zilikuwa namba ngapi kwenye orodha?

10/ Nyeri haiwezi kusema haikujua. Desemba 2018 majaribio ya Afya kwa Wote yalianza katika kaunti 4: Kisumu, Machakos, Isiolo na Nyeri. Nyeri ilichaguliwa kwa sababu ya mzigo wa magonjwa yasiyoambukiza. Yaani serikali yenyewe ilishaandika tatizo letu ni lipi.

11/ "Na SHA je?" Ilianza Oktoba 2024 mahali pa NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Lakini huduma za dispensari na vituo vya afya hulipiwa na hazina ya afya ya msingi, ambayo ni pesa za serikali. Wewe unatakiwa kusajiliwa tu. Kwenye karatasi, shosho hapaswi kulipa chochote pale dispensari. Ila kadi haimezwi. Rafu ikiwa tupu, usajili haushushi presha.

12/ Hatua nzuri ilikuwa 2023: wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walipewa mikoba yenye mashine ya kupima presha, wapite nyumba kwa nyumba. Posho yao inagawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Isipolipwa, ile mashine inakaa kabatini.

13/ Na mashine kubwa? Tangu 2015 kaunti zimekodishiwa vifaa, vikiwemo vya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Vinahitajika, sibishani. Lakini presha isiyodhibitiwa huharibu figo pia. Baadhi ya watu kwenye hiyo foleni wangezuiwa kufika huko na kidonge cha kila siku. Shida ni kwamba hakuna anayekata utepe wa kidonge.

14/ Maswali ya kubeba kwenye baraza lijalo, haijalishi unashabikia nani:
– Mwaka jana dispensari za wadi hii zilikaa siku ngapi bila dawa za presha?
– Wahudumu wa jamii wamelipwa mpaka mwezi gani?
– Bajeti ijayo imetenga ngapi za dawa, na ngapi za majengo?
Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Ushiriki wa umma ni haki yako, nenda.

15/ Na kabla ya baraza, pima presha. Ikirudiwa na kukuta 140/90 au zaidi, muone daktari, na usiache dawa eti kwa sababu unajisikia poa. Kifua kikibana, au uso ukipinda na mkono ukilegea ghafla, ni hospitali saa hiyo hiyo, si kungoja kesho.

Mkiuliza hapo chini dispensari ya kwenu ina dawa au haina, nitakusanya majibu kwa wadi. Tuanzie hapo.