Kabla Mtaro Haujachimbwa

Kwa mkaazi wa Kwale, bomba si jambo geni. Chemchemi za Marere, ndani ya Shimba Hills, zimekuwa zikipeleka maji Mombasa tangu enzi za ukoloni, na visima vya Tiwi navyo vinachangia. Sasa kuna Bwawa la Mwache kule Kinango, mradi wa Serikali unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, uliokusudiwa kuongeza maji ya Mombasa na ya Kwale yenyewe. Na maji ya bwawa hayafiki bombani kwa mtu bila mabomba mapya kulazwa ardhini. Ng'ambo ya mpaka, kusini mwa Vanga, upo mradi mkubwa zaidi: bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi rasi ya Chongoleani, Tanga.

Hapa Kenya, Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inataka mradi wa aina hii ufanyiwe tathmini ya athari kabla ya kupewa leseni na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Ndani ya ripoti ya tathmini huwa kuna sura inayohusu wanyama, mimea na makazi yao. Wengi huiruka, maana imejaa majina ya Kilatini na majedwali. Ni hasara, kwa sababu sura hiyo ndiyo inayoweza kuihamisha njia ya bomba, au kuiacha ipite palipochorwa tangu mwanzo. Ubora wake haupimwi kwa urefu wa orodha ya wanyama. Hupimwa kwa mambo mawili: ukaguzi ulifanyika lini, na ulifanyika ilhali njia ingali inaweza kusogezwa?

Tuanze na kinachokata ardhi. Bomba lenyewe ni jembamba. Kipana ni mkuza, yaani ukanda unaofyekwa ili mashine zipite, udongo urundikwe na mtaro uchimbwe. Mkuza wa bomba la Hoima hadi Tanga ulipangiwa upana wa mita 30. Bomba la maji huhitaji ukanda mdogo zaidi, lakini kanuni ni ileile: juu ya bomba miti mikubwa hairuhusiwi kurudi, kwani mizizi huliharibu na mafundi wanahitaji kulifikia. Mwanya ukishafunguliwa msituni, umefunguliwa kwa miaka yote ambayo bomba litatumika.

Maana ya mwanya huo kwa mnyama inaonekana kwenye barabara ya ufuo pale Diani. Mbega wa Angola, ambaye nchini Kenya makao yake ni Kwale, hula majani na huishi juu ya miti. Barabara na viwanja vilipoutenganisha msitu, ilimbidi ashuke chini, akagongwa na magari, au apite juu ya nyaya za umeme, akaungua. Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997, limekuwa likifunga vidaraja vya kamba juu ya barabara ili mbega, tumbili na kima wavuke. Mkuza wa bomba hauna magari mengi, lakini humletea mbega tatizo lilelile la tawi kutolifikia tawi la pili. Pia huwa njia mpya ya wachoma makaa na wakata miti, na huingiza jua mahali palipokuwa na kivuli. Mwarobaini, tunaousifu kwa dawa, si mti wa asili wa hapa, na hupenda sana kujipenyeza kwenye kingo za misitu iliyofunguliwa hivyo.

Watu wakiulizwa wanyama wa Kwale, hutaja ndovu na palahala. Ni haki yao, kwani Shimba Hills ndipo mahali pekee nchini palipobaki na palahala wa porini. Lakini kwa mkaguzi wa njia ya bomba, hao ndio kazi nyepesi. Ndovu huacha kinyesi, nyayo na njia zinazopitwa vizazi hadi vizazi, kama zile zinazoelekea Hifadhi ya Jamii ya Mwaluganje iliyoanzishwa mwaka 1995. Wanaosahauliwa ni wale ambao makao yao yote yanaweza kuenea ndani ya mkuza mmoja.

Mfano ni chura wa matete wa Shimba Hills, Hyperolius rubrovermiculatus, mwenye michirizi myekundu mgongoni. Hajulikani kuishi kwingine duniani ila katika eneo hilo. Mchana ni shida kumwona. Hupatikana usiku, mvua zikiwa zimenyesha, madume yakiita kandokando ya madimbwi. Mkaguzi hufika dimbwini giza likishaingia, huzima tochi na kusikiliza. Kila aina ya chura ina mlio wake, na mtu aliyezoea huwatambua kwa sauti kabla hajamwona hata mmoja. Kisha huwasha tochi na kupekua majani ya matete moja baada ya jingine. Dimbwi lenyewe huenda lisionekane kwenye ramani, na kiangazi huwa ni bonde kavu tu, mahali ambapo mhandisi angepaona panafaa kabisa kupitisha bomba.

Ndiyo maana tarehe za ukaguzi ni za kwanza kutazamwa. Kuna ndege wa sakafu ya msitu mwenye madoadoa kifuani, Geokichla guttata, aliye hatarini, ambaye huja kutoka kusini na kukaa katika misitu yetu ya pwani wakati wa kusi. Ndege wa ufukweni wahamao kutoka kaskazini, nao, hujaa kwenye matope ya Gazi na Vanga wakati wa kaskazi. Timu itakayokaa wiki mbili mwezi wa Januari itawaona hawa wa matopeni, itamkosa yule wa msituni, na huenda isisikie chura hata mmoja. Ripoti yake itasema "hakuonekana", na msomaji ataelewa "hayupo". Umbali kati ya maneno hayo mawili ni mkubwa. Ukaguzi unaoaminika hupita angalau masika na kiangazi, kusi na kaskazi.

Mbinu nazo hutofautiana kwa mnyama na mnyama. Kwa mbega, wakaguzi hutembea alfajiri kwenye mistari iliyonyooka, polepole, wakiandika kila kundi na umbali wake kutoka mstarini. Kwa umbali huo hukadiria pia waliopitwa bila kuonekana. Kwa funo na paa, wanaokimbia kabla hujawaona, hufungwa kamera za mtego kwenye vijia, zikae usiku na mchana. Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza, huhesabiwa kwa viota vyake: marundo ya majani makavu sakafuni mwa msitu, yanayofanana mno na majani yaliyoanguka yenyewe hivi kwamba mgeni huyakanyaga bila kujua, ilhali kijana aliyekulia kando ya msitu huyaonyesha kwa kidole akiwa mbali. Kwa popo wanaolala kwenye mapango ya mawe ya matumbawe, kama yale ya Fikirini karibu na Shimoni, hutegwa vinasa sauti vinavyonasa milio ambayo sikio la binadamu haliipati. Jiwe la matumbawe halichimbiki kwa jembe. Huvunjwa kwa mashine au baruti, na pango lililo chini yake huenda lisijulikane hadi lifunguke.

Mimea ndiyo inayodai macho makali kuliko yote, na misitu ya kaya ndiyo shule yake. Kaya nyingi zilitangazwa kuwa kumbukumbu za kitaifa kuanzia mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO iliorodhesha misitu mitakatifu ya Kaya za Mijikenda kuwa urithi wa dunia, Kaya Kinondo ikiwemo. Msitu wa Kinondo una takriban hekta 30. Eneo kama hilo, likiwa mraba, kwenye ramani ya kipimo cha 1:50,000 ni kama sentimita moja kwa upande. Kalamu nene tu inatosha kulipitia. Mkaguzi haingii humo bila ruhusa ya wazee wa kaya, na akiruhusiwa hujifunga kaniki kama mgeni yeyote. Akienda kwa adabu, wazee humwambia mengi: mti gani umebaki mmoja, chemchemi ipi haikauki, ndovu walipita lini mara ya mwisho. Hayo huandikwa kwenye ripoti kama ushahidi, na kisha huthibitishwa ardhini kama ushahidi mwingine wowote.

Baada ya kuhesabu huja uamuzi, na una ngazi nne: kuepuka, kupunguza, kurekebisha, kisha kufidia. Kupunguza kuna mambo mengi mema. Mtaro usiachwe wazi kwa urefu mkubwa. Kila baada ya kipande iachwe ngazi ya udongo ili kobe au nguchiro aliyetumbukia usiku aweze kutoka. Na kila asubuhi mtu aukague kabla mashine hazijawashwa. Penye mikoko, mkondo wa maji kupwa na kujaa usizibwe, maana bila huo mchu na mkoko hufa taratibu. Hata hivyo, yote hayo ni ya kupunguza. Kuepuka kunawezekana tu mapema, fidia za mashamba zikiwa hazijalipwa na mabomba hayajaagizwa.

Hesabu za ukaguzi zina kazi nyingine hata baada ya bomba kulazwa. Mwaka 2015 mafuta yalivuja kutoka bombani huko Thange, Makueni, yakaharibu maji na mashamba. Likitokea jambo kama hilo, anayedai hasara huulizwa hali ilikuwaje kabla, na rekodi ya kabla ndiyo humsaidia.

Kwa hiyo utakapoitwa barazani kutoa maoni kuhusu bomba, usione haya kuuliza. Mlikagua miezi gani? Nani alikwenda usiku? Mliongea na wazee gani, na waliyosema yako ukurasa upi? Njia mbadala zilikuwa ngapi? Maswali haya yana uzito wa kisheria: Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Asiyeridhika na leseni ana siku 60 za kukata rufaa.

Halafu uliza swali la mwisho, ambalo ripoti nyingi hazipendi kuulizwa: ni wapi, kwa kilomita na kwa jina la mahali, ambapo njia ilisogezwa kwa sababu ya kilichoonekana ardhini? Wakikuonyesha hata kona moja, ukaguzi ulikuwa na maana. Wakikosa, basi wanyama walihesabiwa tu, na mstari ukabaki palepale ulipochorwa ofisini.