Kovu la moto linalokunja kiungo hutibika

Mtoto akiungua kwa uji, chai au makaa, wazazi wengi humshukuru Mungu kidonda kinapofunga na kudhani mambo yameisha. La hasha. Ikiwa moto ulifika ndani ya ngozi, kovu huendelea kukaza kwa miezi mingi baada ya kidonda kukauka.

Kwa nini hukaza? Mwili huziba pengo la kidonda kwa nyama mpya, na ndani ya nyama hiyo mna chembechembe zinazojivuta kama misuli. Kovu likiwa mahali panapokunjika, kama vile kwapani, kwenye kiwiko, nyuma ya goti, shingoni au vidoleni, huvuta kiungo na kukifungia hapo hapo. Kidevu huweza kuvutwa hadi kifuani, na mkono ukakataa kuinuka. Kwa mtoto hatari huzidi, kwani mifupa hukua lakini kovu halinyooki kwa kasi hiyo. Hatimaye kiungo hupinda.

Hali hii hutibiwa kwa upasuaji. Kovu jembamba lililosimama kama kamba hukatwa kwa umbo la herufi Z, kisha vipande viwili vya ngozi hubadilishana nafasi. Kovu hurefuka na kuacha kuvuta. Kovu pana hukatwa hadi kiungo kinyooke, na pengo hufunikwa kwa ngozi inayotolewa mwilini mwa mgonjwa mwenyewe, mara nyingi pajani. Kiungo kilichokunjika kwa miaka mingi huenda kisinyooshwe chote kwa siku moja, kwa sababu mishipa ya damu na ya fahamu nayo imefupika.

Kwa kawaida daktari hungoja kovu likomae, yaani lilainike na kuacha kuwasha, jambo linaloweza kuchukua kati ya miezi 6 na miaka 2. Lakini kope isiyoweza kufunika jicho haingojewi, maana mgonjwa huweza kupofuka.

Elewa kwamba ngozi iliyopandikizwa pia hujivuta. Ndiyo maana mgonjwa hufungwa banzi, hasa usiku, kwa miezi kadhaa na kufundishwa mazoezi ya viungo. Anayelitupa banzi afikapo nyumbani huenda akarudi kukatwa tena.

Je, hali hii huzuilika? Mara nyingi, ndiyo. Mtu akiungua, mwagia mahali hapo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Mfikishe hospitalini upesi. Kidonda kinapopona, fuata maagizo ya daktari kuhusu kunyoosha kiungo. Aliyeungua shingo mbele asilalie mto, ili kidevu kisishuke. Mgonjwa atapenda kujikunja kwa sababu maumivu hupungua, lakini mkao huo wa starehe ndio unaoleta kilema.

Onyo la mwisho: kidonda kisichopona kwenye kovu la zamani kionyeshwe daktari bila kuchelewa, kwani huweza kugeuka kuwa saratani.

Kama una mtoto aliyekunjika mkono kwa sababu ya moto, usimfiche nyumbani. Mpeleke hospitali iliyo karibu nawe, uombe barua ya kumwona daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Hata ikiwa imepita miaka 10, bado anaweza kusaidiwa.