Uigaji wa Kikompyuta wa Uzalishaji wa Chembe katika Migongano ya Fotoni: Mfano wa Viini vya Risasi

Kwa mujibu wa nadharia ya Maxwell, miale miwili ya mwanga hupishana bila kuathiriana. Nadharia ya kwanta inaeleza vinginevyo. Mwaka 1934, Breit na Wheeler walionesha kuwa fotoni mbili zenye nishati ya kutosha zinaweza kugongana na kuzalisha elektroni na positroni. Fotoni mbili zinaweza pia kugongana na kutoa fotoni nyingine mbili, tukio lililo adimu zaidi. Makala haya yanafafanua jinsi uigaji wa kikompyuta unavyosaidia kulitambua tukio hilo, na kwa nini uigaji pekee hautoshi.

Katika maabara ya CERN, viini vya risasi huendeshwa kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Uga wa umeme na sumaku unaokizunguka kila kiini hufanya kazi kama wingu la fotoni. Kwa kuwa wingi wa fotoni hulingana na kipeo cha pili cha chaji, na kiini cha risasi kina protoni 82, viini viwili kwa pamoja hutoa ongezeko la kipeo cha nne cha 82, yaani takribani mara milioni 45. Sharti ni kwamba viini vyenyewe vipishane bila kugusana.

Uigaji huu una hatua tatu. Kwanza, nishati za fotoni huteuliwa kwa namba nasibu kwa kufuata ukadiriaji wa Weizsäcker na Williams. Pili, uwezekano wa mgongano hukokotolewa, na chembe zinazozalishwa hupangiwa nishati na pembe. Programu za STARlight na SuperChic hutumika hapa. Tatu, chembe hizo hupitishwa katika kielelezo cha kigunduzi ili kubaini zipi zingeonekana.

Tatizo ni kwamba elektroni na positroni ambazo njia zao hazikutambuliwa hufanana na fotoni mbili. Mwaka 2017, jaribio la ATLAS liliripoti matukio 13, huku matukio ya usuli yakikadiriwa kuwa 2.6. Kama makadirio hayo ya usuli yangekosewa, ushahidi wote ungedhoofika. Kwa sababu hiyo, sehemu ya usuli ilikadiriwa kwa kutumia data halisi, hususan matukio ambayo fotoni zake hazikutoka katika pande zinazokabiliana. Mwaka 2019 yaliripotiwa matukio 59 dhidi ya usuli wa 12, na ushahidi ukawa ugunduzi.

Hata hivyo, jumla inayolingana na data haithibitishi usahihi wa kila hatua. Wingi wa fotoni uliokadiriwa kupita kiasi unaweza kufichwa na ufanisi wa kigunduzi uliokadiriwa chini ya kiasi. Hivyo basi, kila hatua ya uigaji haina budi kupimwa peke yake kabla ya matokeo yake kukubaliwa.