Fundi taa huanzia kwenye soketi

Plagi ya pini tatu inayotumika katika nyumba nyingi za Nairobi na Dar es Salaam hubeba ampea 13. Anayejifunza ufundi wa taa za filamu na televisheni hukutana na namba hiyo kabla ya kugusa taa yoyote. Gawanya wati kwa volti, upate ampea: taa ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 hula karibu ampea 9. Ukizichomeka mbili kwenye soketi moja, fyuzi inaweza kukatika, kazi ikasimama, na kila mtu akamgeukia fundi.

Baada ya hesabu huja usalama. Stendi hutanuliwa miguu na kuwekewa mfuko wa mchanga ili isipinduke. Balbu ya halojeni haishikwi kwa vidole vitupu, kwa sababu mafuta ya ngozi huifanya ipate joto kupita kiasi mahali paliposhikwa, ikapasuka. Taa za LED zimepunguza joto na matumizi ya umeme, lakini stendi ikimwangukia mtu inaumiza vilevile.

Kisha jicho hufunzwa.

Balbu ya tangsteni hutoa mwanga wa kelvini 3,200, wenye umanjano. Mwanga wa mchana hukadiriwa kuwa kelvini 5,600, nao huelekea ubuluu. Mketishe mtangazaji kati ya dirisha na balbu hiyo, na shavu moja litatoka la buluu, jingine la chungwa. Fundi hufunika taa au dirisha kwa plastiki nyembamba ya rangi, inayopitisha mwanga, iitwayo jeli, mpaka mianga hiyo miwili ilingane.

Somo zito kuliko yote kwa Mwafrika ni ngozi. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mzungu, maarufu kama kadi za Shirley. Nyuso nyeusi zikazama gizani, yakabaki macho na meno. Dawa yake si kuongeza wati. Katika tamthilia ya Marekani, Insecure, mpiga picha mkuu Ava Berkofsky alitaka ngozi za waigizaji zing'arishwe kwa losheni, na taa zielekezwe kwenye ubao mweupe ili mwanga urudi usoni ukiwa mpole. Mama anayempaka mwanawe mafuta kabla ya kumpeleka studio analijua hilo tangu zamani.

Pa kujifunzia papo. Chuo cha mawasiliano cha KIMC, Nairobi, kimekuwa kikifundisha tangu 1961. Warsha za kampuni ya One Fine Day Films ziliwaweka vijana chini ya wataalamu, kisha wakatengeneza filamu kamili. Mojawapo, Nairobi Half Life ya mwaka 2012, ndiyo ya kwanza kupelekwa na Kenya kuwania Oscar.

Hata hivyo, kazi hii hukomaa lokesheni, kwa kubeba kebo chini ya gafa, yaani mkuu wa mafundi taa. Kijana mwenye cheti cha umeme cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, tayari ana nusu ya ufundi huu mkononi. Watayarishaji wa filamu na vituo vya televisheni, wapokeeni hata wawili tu katika kila kazi, muwalipe nauli na chakula, na muwaache wajifunze.